Motokaa Isiyotoa Cheche

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na wenye motokaa za zamani, mjini Singida)



Liko jambo ambalo kila mwenye motokaa ya zamani amekwisha lipata, au atalipata. Stata yazungusha injini vizuri, petroli imo tangini, lakini injini haishiki. Wengi wapatwapo na shida hii hukimbilia dukani. Hununua plagi, plagi zisipofaa hununua koili, koili isipofaa huuza mbuzi wakanunua betri. Hata mwisho gari limejaa vyombo vipya, na cheche bado haipo. Sisi twataka kuwaonyesha leo kwamba kosa la cheche lina njia yake ya kutafutwa, tena njia yenyewe ni fupi, na chombo kikubwa kinachotakiwa ni taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, ambayo mtu aweza kujitengenezea kwa globu ya taa ya nyuma ya gari.

Yafaa tuseme kwanza ni magari gani tunayoyataja. Ni yale ya petroli yenye distribyuta na pointi, kama Land Rover za zamani, Peugeot 404, na Volkswagen zile za mgongo wa kobe. Gari la siku hizi lenye kompyuta lina njia nyingine. Gari la dizeli nalo halina cheche kabisa, maana mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa katika silinda. Twalitaja hili kwa sababu Land Rover nyingi katika nchi yetu zimekwisha tolewa injini zake za kwanza zikatiwa za dizeli, nasi tumepata kumwona kijana akitafuta distribyuta katika injini isiyo nayo. Hatukumcheka, boneti ilikuwa ni ile ile.

Wako watakaouliza, mbona tunajisumbua na vyuma vya kale? Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na hata hivyo mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, mengi yao yakiwa makongwe kuliko madereva wake. Barabara kuu zitokazo hapa Singida kwenda Dodoma, Nzega na Babati zina lami, lakini mwenye kuacha lami na kuingia vijijini, upande wa Ikungi au Mkalama au bonde la Wembere, ajua mwenyewe ni gari la namna gani limfikishalo. Na katika kijiji chenye gari moja tu, gari hilo si la mwenyewe peke yake. Ndilo lichukualo alizeti na vitunguu, na usiku ndilo lichukualo mgonjwa. Likikataa kuwaka, si mtu mmoja aliyekwama.

Ili tupate kuelewana, imetupasa kujua cheche yazaliwaje. Ndani ya koili mna nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa juu ya chuma: uzi mnene wenye mizunguko mamia kadhaa, na uzi mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu mengi. Umeme wa betri hupita katika uzi mnene, ukashuka mpaka kwenye pointi ndani ya distribyuta, kutoka hapo ukaingia katika chuma cha injini na kurudi kwenye betri. Wakati huo chuma cha koili kimekuwa sumaku. Kisha shafti ya distribyuta, ambayo katika injini ya silinda nne ina pembe nne, huusukuma mkono wa pointi. Pointi zikaachana, umeme ukakatika ghafla, sumaku ikafa. Na katika kufa kwake huzaa katika ule uzi mwembamba umeme wenye nguvu ya volti elfu kumi na zaidi, nao ndio urukao penye plagi.

Liangalieni neno hili vizuri, maana ndipo wengi wanapopotea: cheche haizaliwi pointi zinapogusana, huzaliwa zinapoachana. Basi pointi zisizogusana kamwe hazitoi cheche, na pointi zisizoachana kamwe hazitoi cheche vile vile. Kondensa, kile kikopo kidogo kilichofungwa karibu nazo, kazi yake ni kuufanya ule mkato uwe wa ghafla, umeme usipate nafasi ya kuruka baina ya pointi na kuziunguza.

Mpango huu watokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering, ambaye kabla ya vita ya 1914 aliutia katika motokaa za Cadillac, nao ukadumu katika motokaa nyingi za ulimwengu hata miaka ya 1970, vilipoanza kuenea vyombo vya elektroniki. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika yahitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kwa kila sekunde. Mtu akifikiri hivyo, si ajabu kwamba pointi huchakaa. Ajabu ni kwamba hudumu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwanza hakikisheni kwamba kinachokosekana ni cheche. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, sigara zizimwe. Ng'oeni plagi moja, irudisheni katika waya wake, na ilazeni juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli hupuliziwa nje kwa tundu hilo na cheche yaweza kuuwasha. Msishike waya kwa mkono mtupu. Shikeni kwa koleo yenye mpini wa mpira, au kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nyingi. Mmoja azungushe injini, mwingine atazame penye kivuli, maana katika jua letu la saa sita cheche haionekani hata ikiwapo. Cheche njema ni ya samawati, nene, na hualika. Ikiwa ya manjano na nyembamba, hiyo ni dhaifu. Yaweza kuruka hapa nje mkaiona, na ndani ya silinda penye hewa iliyobanwa isiruke. Mkiona cheche njema, acheni mambo ya umeme mkatazame petroli na kabureta, au majira ya cheche.

Kama hakuna kitu, chomoeni waya mnene uingiao katikati ya kifuniko cha distribyuta, uelekezeni ncha yake karibu na chuma, ukiacha nafasi ya milimita 6 hivi, mkazungushe injini tena. Hapa ndipo penye njia panda. Cheche ikiruka, basi betri, swichi, koili, pointi na kondensa zafanya kazi, na kosa liko mbele, yaani katika kifuniko, rota, nyaya za plagi, au plagi zenyewe. Isiporuka, kosa liko nyuma, na mwenye kununua plagi siku hiyo ametupa fedha yake.

Tuchukue kwanza upande wa nyuma, maana ndiko tulikokuta makosa mengi zaidi. Betri huanza. Watu hudhani kwamba betri iwezayo kuzungusha stata haiwezi kuwa na lawama. Si kweli. Stata hula umeme mwingi sana, na betri iliyochoka, au yenye unga mweupe au wa kijani katika vichwa vyake, yaweza kuzungusha injini kwa uvivu huku ikiiachia koili volti nane tu, ambazo hazitoshi. Dalili yake ni kwamba gari likisukumwa huwaka mara moja. Suguweni vichwa vya betri, kazeni nati, na msisahau ule waya mnene uingiao katika bodi na injini, ambao mafundi huuita ethi. Kutu chini yake imekwisha simamisha magari mengi. Tena angalieni kabla ya kufunga betri: katika Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na ya mwanzo wa 1960, upande wa chanya ndio unaofungwa katika bodi, kinyume cha magari ya siku hizi. Taa yetu ya kupimia haijali upande, na hiyo ni sifa yake mojawapo.

Basi ishikeni taa. Mguu wake mmoja ufungeni katika chuma kitupu cha injini, wa pili ugusisheni kwenye ncha ya koili ipokeayo umeme wa swichi. Katika koili za Kiingereza za zamani ncha hiyo imeandikwa SW, na katika za Kijerumani ni namba 15. Swichi ikifunguliwa taa yapasa kuwaka. Isipowaka, umeme haufiki, na kosa liko katika swichi au waya wake. Rudini nyuma na taa, kiungo kwa kiungo, mpaka iwake.

Ikiwaka, hamisheni taa hadi ncha ya pili ya koili, yenye CB au namba 1, mkaizungushe injini polepole kwa hendeli. Taa yapasa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Iwakapo pointi zimeachana, izimikapo zimegusana. Ikiwaka daima bila kuzimika, umeme wafika lakini haupati njia ya kupita: ama pointi hazigusani, ama zina utando, ama waya umekatika baina ya koili na pointi. Isipowaka kamwe, mambo ni mawili, nayo hutenganishwa hivi. Fungueni waya utokao kwenye CB kwenda distribyuta, mkapime ncha ya koili peke yake. Taa ikiwaka sasa, koili imepitisha umeme, na kosa ni kwamba umeme ulikuwa ukiangukia katika chuma ndani ya distribyuta: pointi haziachani, au kondensa imetoboka ndani, au kile kipande cha kuzuia umeme kimefungwa mahali pasipo pake. Taa ikiwa bado haiwaki, uzi mnene wa koili umekatika, na hapo ndipo mtu ana haki ya kwenda dukani kununua koili. Dereva aliyezoea huyamaliza haya yote kabla chai haijapoa.

Katika wilaya zetu adui wa kwanza wa pointi ni vumbi. Tangu Juni hata Novemba upepo wa Singida hauna huruma, na kifuniko cha distribyuta kilichopoteza kibanio kimoja huingiza unga wa barabara kila siku. Unga huo huchanganyika na grisi, nao hula kile kisigino kidogo kinachosuguana na pembe za shafti. Kisigino kikiliwa, pointi huachana kidogo, tena kidogo zaidi, hata siku moja haziachani kabisa. Mwenye gari husema, "Jana lilikuwa zima." Halikuwa zima, lilikuwa likipungua tangu Agosti. Katika Land Rover ya petroli ya lita 2.25 nafasi ya pointi, zikiwa zimeachana kabisa, ni inchi 0.014 hata 0.016, yaani kama milimita 0.35 hata 0.40. Hupimwa kwa bamba jembamba lililoandikwa unene wake. Asiye nalo, akiwa porini, aweza kukata kadi ya kisanduku cha kiberiti, ambayo unene wake wakaribia huo. Itamfikisha nyumbani, na akifika apime upya kwa bamba. Kisha atie grisi kidogo sana juu ya zile pembe, kiasi cha kichwa cha njiti. Ikizidi, itarukia pointi, na taabu itaanza upya.

Gari lililosimama kwa miezi lina kosa jingine. Pointi hufanya utando usioonekana kwa jicho, na umeme haupiti. Hapo hakuna cha kununua. Pitisheni msasa laini au tupa ndogo baina yake mara mbili tatu, kisha mpitishe karatasi safi iliyochovywa petroli, mkaikaushe. Lakini pointi zikiwa zimeungua upande mmoja shimo na upande wa pili mlima, ishukuni kondensa. Badilisheni vyote viwili pamoja. Na ikiwa taa yawaka na kuzimika vizuri penye CB lakini cheche haipo, au ni dhaifu huku pointi zikitoa miali mikubwa, fungeni kondensa nyingine nzima nje ya distribyuta, waya wake katika CB na kikopo chake juu ya chuma. Ile ya kwanza muitoe kwanza ikiwa mwashuku imetoboka. Cheche ikirudi, mmemkamata mwizi. Isiporudi, jaribuni waya mnene mwingine, na mwisho kabisa koili.

Kosa moja tungependa kulieleza kwa urefu, kwa kuwa limewadanganya hata mafundi wazuri. Tuliitwa kutazama Land Rover moja katika kijiji upande wa Ikungi. Mwenyewe alikuwa amekwisha tia koili mpya, kondensa mpya, plagi nne na betri, fedha ya magunia mengi ya alizeti. Gari huwaka asubuhi likapiga vizuri, likifika barabara yenye mawimbi lazimika kama lililokatwa kwa kisu. Likisukumwa huenda likawaka, huenda lisiwake. Usiku mmoja mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari lilikataa kabisa. Ikabidi achukuliwe kwa pikipiki, katikati ya dereva na shemeji yake, mpaka hospitali ya Makiungu. Alifika, akajifungua salama. Lakini hakuna aliyehudhuria usiku ule atakaye kuuona mara ya pili.

Tulipofungua tulitumia taa kama tulivyoeleza. Penye SW yawaka. Penye CB yawaka daima, haizimiki, na pointi twaziona kwa macho zimegusana, safi. Basi umeme wapotea baina ya koili na pointi, mahali pasipozidi dhiraa moja. Ndani ya distribyuta mna waya mfupi laini, mrefu kama kidole, uletao umeme kutoka ubavuni hadi pointi. Bamba lililobeba pointi hucheza kila injini ibadilipo mwendo, na waya huo hupindana nalo mamilioni ya mara. Ngozi yake ya nje ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika zote, zikigusana zipendapo. Tulipouvuta kidogo ulirefuka kama mpira, maana palibaki ngozi tupu. Tukatia waya mwingine laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, gari likawaka. Waya ule thamani yake haifikii bei ya sabuni. Mtakapotia wenu, msitumie waya mgumu wa uzi mmoja, kwani huo utakatika kabla ya mwezi kwisha. Kuna na ndugu yake mwingine mfupi, uunganishao lile bamba na kikombe cha distribyuta, nao mwuvute.

Sasa upande wa mbele, kwa ufupi. Kifuniko kipanguseni ndani kwa kitambaa kikavu, mkakitazame juani. Mkiona mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi, kutoka ncha moja hadi nyingine, huo ni ufa au njia ya makaa ambayo umeme umejichongea, na kifuniko hicho hakifai tena. Katikati yake mna kipande kidogo cha makaa chenye springi; kisipokuwapo, au kikiwa kimenata juu, umeme haushuki vema kwenye rota. Wakati wa masika, gari likivuka maji, feni huyarusha juu ya distribyuta. Kukausha tu kwatosha. Rota nayo hupimwa hivi: ondoeni kifuniko, leteni waya mnene wa katikati karibu na bamba la shaba lililo juu ya rota, fungueni swichi, mkaziachanishe pointi kwa ncha ya kijiti kikavu. Cheche ikiruka kuingia katika rota, ijulikane rota imetoboka, na umeme wapita ndani yake kwenda katika shafti. Rota nzima haipokei kitu. Twawahimiza mpime hivi hata rota mpya, maana zinauzwa nyingi za bandia, na tumepata kuona mpya mbovu ikitiwa mahali pa kuukuu iliyo nzima.

Kuna na koili ifayo kwa joto. Gari lapanda mlima Sekenke, ule ambao dhahabu yake Wajerumani waliipigia sarafu huko Tabora mwaka 1916, na katikati ya mlima cheche yakoma. Dereva akaa kivulini nusu saa, gari lawaka, naye amshukuru Mungu na kuendelea mpaka mlima mwingine. Koili ya namna hiyo haipimwi baada ya kupoa. Ipimwe papo hapo ingali ya moto. Ikifunikwa kitambaa kilichoroweshwa maji na cheche ikarudi upesi, mmeijua. Nanyi msiache swichi wazi injini ikiwa imezimika, hata kwa kusikiliza redio, maana pointi zikiwa zimegusana umeme hupita katika koili bila kupumzika, nayo huchemka, na pointi huungua.

Mkichomoa nyaya za plagi, tieni alama kwanza. Katika Land Rover tuliyoitaja cheche hufuata silinda 1, 3, 4, 2. Tumeona gari lililokuwa na kosa moja dogo likapewa la pili kubwa kwa kurudishiwa nyaya pasipo mpango.

Katika kisanduku cha gari tungeweka taa ya kupimia, pointi na kondensa zilizokwisha jaribiwa, rota moja, dhiraa mbili za waya laini, msasa, bamba la kupimia nafasi, na kitambaa kikavu katika mfuko wa nailoni. Koili ya akiba ni hiari ya mwenye uwezo.

Tumeambiwa kwamba liko gari moja hapo nje lililokuja kwa kuvutwa tangu asubuhi, na mwenyewe amekwisha tuambia kwamba ni plagi. Basi atakaye na aje na taa yake. Tutaanzia kwenye betri.